Mizani Ilipopanda: Kisa cha Chakula na Uraibu wa Methamfetamini

Kwa nini kisa hiki

Mimi ni afisa lishe katika kituo kinachopokea watu wanaoacha dawa za kulevya za kuchangamsha mwili: kokeini, amfetamini, methamfetamini. Visa vilivyokwenda vizuri huwa navisahau upesi. Hiki sijakisahau, kwa sababu kwa wiki 11 makaratasi yetu yote yalionyesha kwamba tunafanya kazi nzuri, na wiki ya 12 mgonjwa akatoroka usiku akarudi kutumia. Sababu ya kutoroka ilikuwa imeandikwa kwenye makaratasi hayohayo, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mhusika ameridhia kisa chake kifundishie wengine. Jina, kazi, umri na mahali nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa maana nimeyageuza. Tutamwita Bi. M.

Usuli

Bi. M. alikuwa amevuta methamfetamini kwa takriban miaka minne, na miezi sita ya mwisho karibu kila siku. Alishapita soba hausi mbili (nyumba za kuishi wanaoacha dawa) kabla ya kufika kwetu, na zote aliondoka kabla ya kutimiza miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu tuliiona kwenye faili. Hatukujiuliza kwa nini ni mitatu.

Kwenye fomu ya mapokezi kuna swali: "Ulianzaje kutumia?" Alijibu kwa neno moja, "marafiki". Nani angemuuliza zaidi? Nusu ya faili zetu zina jibu hilohilo.

Dawa hizi zinaua njaa, tena si kwa bahati mbaya. Karne iliyopita amfetamini iliandikwa na madaktari kwa miaka mingi kama dawa ya kupunguza unene. Zinamwaga dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo za raha na za kuchangamka, kwa wingi, mwili unajiona uko mbioni, na aliye mbioni hana haja ya sahani. Mtumiaji anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula wala kulala. Dawa ikiisha mwilini anaanguka kama gunia, analala mchana kutwa, anaamka na kufakamia chochote kilicho karibu, mara nyingi kitu kitamu na soda, halafu anaanza upya. Mtu akiishi hivyo miaka minne, anasahau kabisa kwamba chakula kina saa zake.

Alivyofika

Urefu sentimita 168. Uzito kilo 45. Kwa maelezo ya dada yake, nusu mwaka nyuma alikuwa na kilo 59, maana yake karibu robo ya mwili wake ilikuwa imeyeyuka. Midomo imepasuka, mate hakuna, ngozi ina vidonda vya kujikuna. Suruali aliishikilia kwa mkono mmoja alipokuwa akipanda kwenye mizani.

Ndugu zake walikuja na vyakula vya kutosha karamu. Dada yake aliniambia, "Dokta, huyu mshibishe tu, mengine yatajipa." (Mimi si daktari, lakini ukivaa koti jeupe hubishani na watu kuhusu hilo.) Nilichukua vikapu nikamshukuru, na karibu vyote nikavipeleka jikoni kwa ajili ya wengine. Alinitazama kama mwizi.

Siku 10 za kwanza: kwa nini tulimnyima

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa mgumu kuelezeka kwa familia. Mtu aliyekonda hivyo, kumlisha sana siku ya kwanza kunaweza kumuua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huishi kwa kuchoma mafuta na misuli yake. Ukiuletea wanga kwa ghafla, insulini inapanda, na insulini inasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Akiba yenyewe ilishakuwa ndogo, kwa hiyo damu inabaki tupu: moyo unapoteza mapigo yake, misuli ya kupumua inalegea. Vitamini B1 nayo huisha haraka, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuchoma huo wanga, na ubongo ukiikosa unaharibika. Baadhi ya wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia walikufa namna hii, baada ya kupona njaa yenyewe.

Bi. M. alikuwa na alama za hatari zaidi ya moja: uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) ulikuwa chini ya 16, na alipoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi sita. Kwa mtu wa namna hiyo mwongozo tunaoufuata unataka uanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo kwa siku, upandishe polepole kwa siku nne hadi saba, umpe vitamini B1 kabla ya tonge la kwanza, na upime damu mara kwa mara. Kwa kilo 45 hizo ni kilokalori 450. Kwenye meza zilionekana hivi: kikombe cha maziwa, yai moja, ndizi moja, na uji mwepesi kidogo. Vyote hivyo kwa siku nzima, vikigawanywa mara tano.

Siku ya tatu fosfeti ilishuka chini ya kiwango. Daktari akaandika fosfeti ya kumeza, nasi tukasimamisha kupandisha chakula kwa siku moja na nusu. Siku ya tano ikarudi. Laiti tungemsikiliza dada yake, siku hiyo ya tatu tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Muda huo mwingi Bi. M. alilala. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, ya dawa za kuchangamsha haifanani na ile ya heroini, haina kutetemeka na kutapika kwingi. Ni usingizi mzito, huzuni, hasira fupi, na njaa inayokuja kwa mafungu. Muuguzi wa zamu alikuwa akimwamsha kila baada ya saa chache, anamkalisha, anamnywesha, anamrudisha kitandani. Kazi hiyo haina jina kwenye ripoti.

Wiki ya 2 hadi ya 4: "Anakataa chakula"

Hatari ilipopita niliandika mpango wa chakula ambao niliuonea fahari. Nyama ya kuchoma kwa ajili ya protini na madini ya chuma, saladi ya mboga mbichi, karanga kati ya milo, tunda zima. Siku nne mfululizo sahani zilirudi zikiwa zimeguswa tu. Nikaandika kwenye faili: *anakataa chakula, ushirikiano mdogo.*

Mpishi wetu, mwanamke mtu mzima ambaye kila mgonjwa humwita Mama, hakusoma faili. Alisimama mlangoni akamtazama anavyokula. Bi. M. alichukua kipande cha mkate, akabandua ganda lote kwa vidole, akautumbukiza ule utumbo mweupe kwenye chai, akausubiri ulainike, kisha akausukuma upande wa kushoto wa mdomo kwa ulimi. Hakutafuna. Aliuponda kwa kaakaa.

"Mwanangu," Mama alimuuliza, "meno yanakuuma?"

"Tangu mwaka juzi, Mama."

Sisi tulikuwa tumempima damu mara tano na kinywa hatukukifungua hata mara moja. Na ni jambo linalojulikana sana: methamfetamini inakausha mate, na mate ndiyo yanayoosha asidi kwenye meno. Mtumiaji anasaga meno bila kujua, anakata kiu kwa soda, na mswaki anausahau kwa wiki nzima. Daktari wa meno alikuta meno manne ya kung'olewa na mengine sita ya kuziba.

Kuanzia siku hiyo jikoni pakabadilika. Mayai ya kuvuruga badala ya nyama ya kuchoma. Maharage yaliyochemshwa hadi yakavunjika, yakapondwa kwa mafuta kidogo. Samaki aliyechambuliwa miiba. Karanga zikasagwa zikaingia kwenye uji. Mboga za majani zikapikwa zikalainika. Virutubisho vilevile, sura nyingine, na sahani zikaanza kurudi tupu. Nilikata ile sentensi yangu kwenye faili kwa mstari mmoja ili isomeke bado. Isomeke ndiyo nataka.

Katika wiki hizo dada yake alileta chupa ya vidonge vya tairosini, moja ya vijenzi vya protini. Alikuwa amesoma kwamba mwili hutengeneza dopamini kutoka kwenye tairosini, basi ukimeza tairosini unajaza kilichopungua. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli: mtu anayekula protini ya kutosha anayo tairosini ya kutosha, na hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba vidonge hivyo vinatibu uraibu. Kilichopungua ni mitambo ya ubongo yenyewe, nayo inataka muda. Utafiti uliochapishwa 2001, uliopiga picha za ubongo za watu walioacha methamfetamini, uliona visafirishaji vya dopamini, sehemu ya mitambo hiyo, vikirejea kwa kiasi kikubwa baada ya mwaka mmoja na zaidi wa kuacha. Nilimwambia Bi. M. hivyo waziwazi, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba kila chakula kina ladha ya karatasi. Alitaka kujua kama ataendelea hivyo maisha. Nikamwambia hapana, lakini ni miezi, siyo siku. Chupa tuliirudisha kwa upole.

Usiku, kahawa na tuzo za sukari

Wiki ya nne njaa ikaja yenyewe, kwa kishindo. Saa nane za usiku Bi. M. alikutwa jikoni anabugia sukari kwa kijiko. Baadhi ya wenzangu walitaka kufuli. Mimi nilipinga, na hapa nadhani nilikuwa sahihi. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyekuwa mraibu. Hata hivyo walianza kuota chakula, kuramba sahani, kunywa kahawa kupita kiasi mpaka watafiti wakaweka kikomo cha vikombe 9 kwa siku. Waliporudishiwa chakula walikula kwa wingi wa kutisha na bado wakasema wana njaa. Robo ya uzito: ndiyo aliyopoteza Bi. M. Kile kijiko cha sukari kilikuwa ni mwili unaodai deni lake. Nidhamu haikuhusika.

Badala ya kufuli tuliweka ratiba. Kifungua kinywa ndani ya saa moja baada ya kuamka, atake asitake. Kisha saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni, na kikombe cha maziwa na kitu chenye protini kabla ya kulala. Kila mara protini kidogo iwepo. Ndani ya siku tisa safari za usiku zikaisha. Nikiulizwa kitu kimoja tu cha kuiga kutoka kisa hiki, nitasema saa, kabla sijasema aina ya chakula. Wanaoacha dawa hufundishwa kujihadhari na vitu vinne vinavyovuta hamu, navyo ni njaa, hasira, upweke na uchovu, na mtu aliyezoea kutokula hawezi kutofautisha njaa na hamu ya dawa. Kwake zote ni kutotulia tumboni na kifuani. Bi. M. alijifunza kula kwanza, akasubiri dakika 20, ndipo akaita hisia jina.

Kahawa tuliipunguza bila kuipiga marufuku, vikombe viwili kabla ya saa sita mchana. Alikuwa anafikia saba, na kafeini nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Usingizi ulirudi kiasi.

Jambo la tuzo lilitupita. Kwa uraibu wa dawa za kuchangamsha hakuna kidonge kilichothibitishwa kama ilivyo kwa heroini. Tiba yenye ushahidi mzito zaidi ni kumpa mtu tuzo kila anapoleta mkojo safi, yaani usio na dawa. Kituo chetu kilifanya hivyo. Tuzo zenyewe? Chokoleti na biskuti. Mikono miwili ya kituo kimoja ilikuwa ikivutana, mmoja unang'oa meno, mwingine unagawa pipi.

Wiki ya 5 hadi ya 12

Kilo zikapanda. 50, 53, 57. Kila Jumatatu asubuhi wagonjwa walipimwa ukumbini, na mtu akipanda wenzake walipiga makofi. Desturi hiyo niliikuta, nikaipenda, nikaiendeleza. Wiki ya 11 mizani ikasoma 61. Makofi. Nikaandika: *maendeleo mazuri sana, amepita uzito wake wa awali.*

Muuguzi aliyekuwa karibu aliona kitu na hakukitilia maanani hadi baadaye. Bi. M. aliposhuka alivuta blauzi chini kwa mikono miwili, akaishikilia pale hadi alipotoka ukumbini. Ile suruali aliyokuja ameishika isidondoke, sasa kifungo chake kilikuwa wazi na pini imekaa mahali pake.

Siku tatu baadaye kifungua kinywa kilirudi. Kesho yake pia, akisema tumbo limejaa. Kahawa ikapanda tena. Usiku wa sita akaondoka.

Aliporudi

Alirudi baada ya siku sita kwa miguu yake, na hiyo naihesabu kubwa. Hatukumuuliza maswali mlangoni. Uji, maji, kitanda, vipimo.

Siku ya tatu ndipo alipozungumza na mnasihi, mimi nikiwepo kwa idhini yake. Alianza kuvuta, alisema, kwa sababu rafiki alimwambia kitu hicho kinakata mwili haraka. Alikuwa ameitwa mnene tangu utotoni. "Marafiki" haikuwa uongo. Soba hausi ya kwanza aliondoka suruali ilipombana. Ya pili vilevile. "Kwenu mlikuwa mnanipigia makofi," alisema. Kisha akaongeza, bila hasira, "Sikufuata ulevi. Nilifuata siku moja isiyo na njaa."

Tulibadilisha mambo kadhaa. Mizani iliondoka ukumbini. Yeye alipimwa pale tu daktari alipohitaji, akiwa ameipa mizani mgongo, na namba haikutajwa. Mnasihi alianza kazi ya sura ya mwili kama sehemu ya tiba ya uraibu, siyo pembeni yake. Ratiba ya chakula haikuguswa, kwa sababu jibu la hofu ya unene si kumrudisha mtu kwenye njaa iliyomwingiza humo. Sukari tu ndiyo tuliyoipunguza, polepole, na mazoezi mepesi ya nguvu yakaongezwa mara tatu kwa wiki. Tuzo alizichagua mwenyewe: nguo inayomtosha ilikuwa ya kwanza. Nilimweleza pia, mara kadhaa, kwamba mwili uliotoka njaani hupita uzito wake wa zamani kwanza kisha hutulia, ilivyokuwa kwa wale vijana wa Minnesota.

Matokeo

Miezi tisa baada ya kurudi, alikuwa ameteleza mara moja, usiku mmoja, na alitupigia simu mwenyewe kabla hakujapambazuka. Vipimo vingine vyote vya mkojo vilikuwa safi. Meno ya bandia yamekaa vizuri na anatafuna karanga. Ladha, kwa maneno yake, ilirudi mwezi wa saba, na ilianza na embe. Akiwa na wasiwasi bado anaruka mlo wa mchana, na mnasihi analijua hilo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni taratibu zenye kuchosha: kuanza na chakula kidogo kwa vipimo, saa zisizobadilika, na mtu wa kumtazama mgonjwa anavyokula. Hilo la mwisho halikuwa langu. Lilitoka kwa mpishi, na tangu hapo mpishi anakaa kwenye kikao cha kesi kila wiki.

Kuhusu makosa, la meno ni la uvivu na dawa yake ni rahisi: kinywa kifunguliwe siku ya kwanza, na mpango wa chakula ungoje jibu. Kosa la mizani ni la kina zaidi, kwa kuwa lilivaa sura ya mafanikio. Nilichukua kipimo changu cha kitaaluma nikamvisha mgonjwa kama furaha yake. Kwa mtu aliyedhoofika, kilo kuongezeka ni habari njema kitabibu hadi pale hatari inapokwisha. Kwetu hatari iliisha wiki ya tano au ya sita. Baada ya hapo namba ile ilikuwa inanifurahisha mimi. Na dalili za kutosha zilikuwepo: miezi mitatu mara mbili kwenye faili, blauzi iliyovutwa, kifungua kinywa kilichorudi. Mlo unaorudi baada ya wiki saba za sahani tupu ungestahili kushtua kama mkojo mchafu unavyoshtua.

Sasa fomu ya mapokezi ina swali jipya chini ya lile la zamani: "Dawa ilikusaidia nini?" Linajibiwa kwa sentensi ndefu kuliko la kwanza, na neno "mwili" au "uzito" linajitokeza mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa wanawake na kwa wanaume.

Muuguzi mkuu bado hakubaliani nami kuhusu mizani. Anasema wapo wagonjwa ambao zile kilo za Jumatatu ndiyo habari njema pekee ya wiki yao, na kwamba nimewanyang'anya hao kwa ajili ya mmoja. Hoja yake ina uzito. Tumeafikiana kwamba kila anayeingia ataulizwa kama anataka kuijua namba yake, na mizani imehamia chumba cha dawa. Ufunguo anao yeye.